Suti ya Wanaume Wanne

Kila rangi pale Nakuru ilikuwa na mwenyewe. Ukivaa kaki ulikuwa askari au tarishi, na mtu angekukabidhi barua uipeleke kabla hujafungua mdomo. Nyeupe ilikuwa ya wapishi na maboi wa hoteli. Bluu ilikuwa ya watu wa reli, na watu wa reli hawakupenda kuigwa. Nyeusi ilikuwa ya wachungaji na wafiwa. Kuhusu kijivu, hasa yale makoti marefu ya jeshi la zamani, hakuna aliyethubutu miaka ile ya hali ya hatari, maana ilisemekana wale wapiganaji wa msituni ndio waliyavaa, na askari hawakuwa na muda wa kukuuliza lako ulilinunua wapi. Sasa mtu mweusi aliyeitwa ofisini, aulizwe kama anafaa kuwa karani, avae nini? Nilisikia swali hilo likiulizwa chumbani mwangu siku tatu mfululizo. Mpaka leo mjukuu akiniuliza rangi gani inafaa kuendea mahojiano, mabega yananiuma.

Suti tuliyokuwa nayo ilikuwa moja, ya kahawia. Nasema tuliyokuwa nayo, lakini ilikuwa ya wanaume wanne wa safu yetu ya landhi, zile nyumba za chumba kimoja kimoja zilizojengewa wafanyakazi wa mjini. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Wa pili tulimwita Mrefu, kibarua wa kupakia magunia. Wa tatu tulimwita Mfupi, tarishi aliyekuwa anajua kusoma kuliko bosi wake alivyotaka. Wa nne alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa tumbo na sauti. Walichanga wakainunua kwenye mnada wa vitu vya mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na huyo mzungu, popote alipo, alikuwa na umbo ambalo hakuna hata mmoja kati ya wanne wetu aliyekuwa nalo.

Ilikaa kwangu kwa sababu mimi peke yangu ndiye niliyekuwa mke pale. Wale watatu wake zao walikuwa rizavu, kwenye vijiji vya mbali vilivyotengewa Waafrika. Basi kama suti inataka kufuliwa, shemeji. Inataka pasi, shemeji. Kifungo kimeanguka kanisani kikavingirika chini ya benchi la akina mama, shemeji atatafuta kingine kinachofanana. Nilikuwa najua kushona. Mama yangu alikuwa yaya kwenye shamba moja kule Bahati, na memsahibu wa pale alinifundisha sindano nikiwa bado msichana, si kwa wema, ila mashuka yake yalikuwa yanachanika na yeye alikuwa mvivu. Kwa hiyo mzee wa kanisa alipotaka kuhudhuria harusi, nilifungua mishono ya kiuno mpaka mwisho wa kitambaa. Mrefu alipoitaka, nilishusha pindo la suruali na la mikono. Mfupi alipoitaka, nilipandisha kila kitu kwa ndani, nikapiga bandi, ile mishono mirefu ya muda ambayo ukimaliza unaivuta inatoka. Kila mmoja alipotoka nayo mlangoni ungesema imekatwa kwa ajili yake. Nilijivunia jambo hilo, sitasema uongo. Ila majivuno hayaondoi uchovu. Nilikuwa na mtoto wa kike wa miaka miwili mgongoni na mwingine tumboni, na kazi ya kubadilisha mzungu mmoja kuwa Waafrika wanne ilikuwa haiishi.

Masharti yao yalikuwa machache. Hakuna kula ukiwa umeivaa. Hakuna kukaa kwenye nyasi. Na hakuna kumwambia mtu wa nje kwamba ni ya wote, maana aibu ya mmoja ingekuwa aibu ya wanne. Mama yangu aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akakohoa. Akasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Nikamwambia si ya kuazima, mama, wameinunua. Akasema, basi inasitiri robo.

Mume wangu alikuwa amekuwa karani wa kiwanda cha mbao kule Dundori. Alikuwa na mwandiko mzuri, wa kulala upande mmoja kama ngano iliyopigwa na upepo, na alikuwa na haya nyingi. Msitu ulipofungwa kwa sababu ya hali ya hatari, kiwanda nacho kikafungwa, nasi tukateremka mjini na kitanda chetu juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Kitanda hicho alikitengeneza yeye mwenyewe kwa mbao za kule, na ndicho kitu pekee tulichokuwa nacho ambacho watu walikitazama mara mbili. Tulikaa katika chumba cha kaka yake, aliyekuwa kazini kwenye baraza la mji. Halafu kaka yake akahamishiwa mji mwingine. Nyapara wa landhi akaja, akasimama mlangoni na daftari lake, akasema mwisho wa mwezi chumba kitapewa mwanamume mwenye barua ya kazi ya hapa mjini. Kama mume wangu atakuwa na barua hiyo, tutabaki. Kama hana, tutatoka.

Nilijua kutoka maana yake nini. Yeye angetia kidole kwenye mkataba wa shamba la pareto kule juu, ambako walikuwa hawapokei tena wake wala watoto. Mimi ningepanda treni niende rizavu kwa mama yake, magharibi huko, nikalime. Watu wengine wangekuambia ndivyo dunia ilivyokuwa, wanawake wengi waliishi hivyo. Ndiyo, waliishi. Lakini mimi nilizaliwa Bahati, kwenye shamba la watu, na rizavu niliiona mara moja tu, nilipopelekwa kuonyeshwa. Mama mkwe alinishika mikono, akaigeuza, akasema hii ni ya kushika sindano, haijui jembe. Hakusema kwa ubaya. Alisema tu kama mtu anayesoma bei ya kitu ambacho hatakinunua. Na zaidi ya hayo, nilimpenda mume wangu. Wakati ule mtu hakusema maneno hayo, lakini nilikuwa napenda kumsikia akipumua upande wa ukutani, na sikutaka kulala peke yangu.

Miezi mitano alitafuta. Ndipo ikasikika kwamba ofisi moja ya kununua nafaka, chini karibu na stesheni, inataka karani. Nafasi ilikuwa wazi kwa sababu karani aliyekuwapo alichukuliwa asubuhi moja kwenye lori pamoja na watu wa kabila lake, wakachujwe nani ni wa msituni. Hilo tulilijua wote na hakuna aliyelisema. Mrefu akaenda kujaribu Jumatatu, akiwa na suti yetu. Akaambiwa hapana. Mfupi akaenda Jumatano, na suti ile ile, nimeipunguza kiganja kizima. Akaambiwa hapana. Mume wangu, ambaye ndiye peke yake aliyewahi kuwa karani kweli, alikuwa ameandika barua badala ya kwenda mbiombio, na barua ikajibiwa: aje Alhamisi ya wiki inayofuata, saa tatu asubuhi.

Jumapili baada ya kanisa wakajaa kwangu. Mimi nilikuwa nachambua maharagwe.

"Shemeji, hapo kuna shida," Mfupi akaanza. "Hiyo ofisi imeshaizoea hii suti. Yule karani mkubwa, yule Mhindi, aliniangalia juu, chini, juu, chini, kama mtu ameona ng'ombe yake kwa boma ya jirani."

"Hata mimi aliniangalia," akasema Mrefu. "Hiyo suti iko na mkosi."

"Mkosi ni mambo ya giza," mzee wa kanisa akasema. "Ni rangi tu. Kahawia si rangi ya kuheshimiwa. Itiwe nyeusi. Mimi nikisimama na nyeusi hata chifu anavua kofia."

"Anavua kwa sababu kuna maiti mbele yako, mzee," nikasema. "Baba watoto haendi kuzika mtu."

Wakacheka, lakini hawakuacha. Mrefu akataka bluu ya giza, akasema mabwana shauri, wale wakubwa wa wilaya, huvaa bluu. Mfupi akasema ukiingia na bluu watakuuliza treni ya Kisumu imechelewa kwa nini. Mtu akataja kijivu, wote wakamgeukia. Walizungumza mpaka maharagwe yakaiva. Mimi nilisema neno moja, kwamba waiache ilivyo, kwa sababu mzungu hataandika suti, ataandika mtu, na ukimvalisha mtu mwenye haya nguo ambayo hajaizoea utakuwa umempa haya ya pili. Walinisikia kama mtu anavyosikia kuku uani.

Mume wangu naye alikaa pembeni akimwuliza kila mtu: "Wewe unaonaje?" Hiyo ndiyo iliyonichosha. Si rangi. Alimwuliza Mrefu, akamwuliza Mfupi, akamwuliza mzee wa kanisa, na kila aliyejibu, yeye alikubaliana naye. Jumatatu akaniuliza mimi, nikamjibu. Akaniuliza tena nikiwa nakoroga uji. Jumanne asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya mfereji na debe langu, mbele yangu wanawake sita, akaja mpaka pale, mbele ya watu, akanong'ona: "Mama, ama tufanye ya kijani?"

Kijani! Nilimtazama. Nikaona macho yake mekundu kwa kukosa usingizi, na badala ya kumhurumia nikapandwa na hasira. Nikamwachia debe ateke yeye, wanawake wakiguna, nikaenda moja kwa moja mpaka dukani, nikaomba rangi ya kutia nguo, bluu ya giza. Mwenye duka akasema haipo, iko nyekundu na iko nyeusi. Nikachukua nyeusi. Hivyo ndivyo rangi ilivyochaguliwa. Si kwa heshima wala kwa akili. Nilitaka tu swali liishe.

Nilichemsha maji uani kwenye debe kuukuu, nikatia rangi na chumvi, nikazamisha suti nikaikoroga kwa mti. Harufu yake ilikuwa ya kondoo aliyenyeshewa. Majirani walipita wakiuliza nani amekufa. Jioni nilipoianika nilifurahi, maana kitambaa kilikuwa kimeshika vizuri, cheusi tii. Asubuhi, ilipokauka, ndipo nilipoona nilichofanya. Kitambaa kilikuwa sufu, kikanywa rangi. Lakini nyuzi za kushonea zilikuwa pamba, na rangi ile haikuwa ya pamba. Zote zilibaki kahawia. Kuzunguka kola, kuzunguka mifuko, kwenye kila kitundu cha kifungo, mstari wa kahawia juu ya weusi, mshono kwa mshono. Na si nyuzi za yule fundi wa Ulaya tu. Zangu pia. Kila mahali nilipowahi kupunguza na kuongeza kwa ajili ya wanaume wanne sasa palikuwa wazi. Mtu angeweza kuhesabu mara ngapi suti ile imebadilishwa mwili.

Halafu suti ilikuwa imerudi, imepungua kidogo kwa yale maji ya moto, ikabidi nifungue kila pindo lililobaki ili imwingie.

Jumatano nzima nilikaa mlangoni. Mume wangu alikuwa amehifadhi chupa ya wino kutoka kiwandani, wino wa kuandikia idadi ya magogo. Nilichovya njiti ya kiberiti, nikapita juu ya kila uzi unaoonekana, mmoja mmoja, bila kugusa kitambaa. Mtoto alilia nikamwachia alie. Nilimaliza kola, nikamaliza kifua, nikamaliza mkono wa kulia. Nilipofika mkono wa kushoto wino ukaisha. Nikamwambia, "Kofia uishike kwa mkono huu, uiweke hivi, ifunike." Akajaribu mara nyingi katikati ya chumba, akiingia na kutoka mlangoni, akisema good morning kwa kitanda. Ndiyo maneno pekee ya Kiingereza niliyomsikia akiyasema kwa sauti ya kusikika.

Alhamisi alitoka saa moja na nusu. Ilikuwa kiangazi, na wakati wa kiangazi upepo wa Nakuru huinua vumbi jeupe kutoka ziwani ukalimwaga mjini kote. Kwenye kahawia lilikuwa halionekani sana. Hilo sikuwa nimelifikiria nilipokuwa nachagua. Nilimpa kitambaa akajipanguse kabla hajaingia. Akaniangalia kana kwamba anataka kuniuliza kitu, nikafikiri ataniuliza tena kuhusu rangi, nikamwambia, "Nenda, baba." Nilisema kwa ukali. Ningependa ningekuwa nimesema kwa namna nyingine, lakini nilikuwa nimechoka.

Nilimngoja saa nne, nikamngoja saa sita. Nikapika ugali, ukapoa. Alirudi karibu saa kumi. Nilimwona kutoka mbali, anatembea katikati ya safu na kofia kichwani, mkono wa kushoto unaning'inia tu, hana habari nao tena, na nikajua.

"Ni rangi," akasema. Hata hakukaa. "Ni rangi, mama. Wameona zile nyuzi. Mhindi alinishika mkono wa koti akaugeuza ndani nje."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Na umekuwa wapi tangu asubuhi?"

"Nimezunguka."

Nilimvua koti mabegani, nikaanza kulipiga brashi kwa sababu mikono ilitaka kazi. Begani upande wa nyuma palikuwa na alama nyeupe, imenyooka kama ya mtu aliyeegemea ukuta uliopakwa chokaa. Nikasema moyoni, vumbi la ziwani, nikaifuta.

Mwisho wa mwezi nyapara alikuja na daftari lake. Kitanda tulimwachia Mrefu, kwa sababu hakikuweza kuingia behewa la daraja la tatu na kwa sababu kukitazama kikivunjwa kuni kungenimaliza. Mume wangu alitusindikiza stesheni. Akaniwekea mtoto dirishani, akasema atakuja Krismasi. Alikuja Krismasi ya pili.

Miaka mitatu na miezi kadhaa nilikaa rizavu. Sitasema mama mkwe alinitesa, hapana, alinifunza. Mikono yangu ikajua jembe mpaka sindano ikawa inaniteleza. Mtoto wa kiume alizaliwa huko, na baba yake alipokuja mara ya kwanza, mtoto alikimbia jikoni akamwambia bibi yake kuna mgeni. Mume wangu alicheka. Usiku sikumsikia akipumua vile alivyokuwa akipumua zamani, alilala kama mtu aliyepewa nafasi kwa watu.

Na muda huo wote nilikuwa nabeba lile debe la rangi. Nikipalilia nalibeba, nikienda kisimani nalibeba. Kama ningeiacha kahawia. Kama ningengoja siku moja duka lipate bluu. Kama hasira zangu zingekuwa fupi kidogo. Mama mkwe aliponiuliza ilikuwaje mwanawe, mwenye mwandiko ule, akakosa kazi ya kalamu, nilimwambia ukweli niliokuwa nao. Nilimwambia, ni mimi, nilitia suti rangi. Akasema, basi usinitilie kitu chochote rangi hapa.

Tulirudiana hatimaye. Uhuru ulikuja, mashamba yakakatwa, nasi tukapata kipande kidogo huko huko Bahati, si mbali na mahali mama yangu alipokuwa yaya. Mume wangu alipata kazi ya ukarani kwenye chama cha wakulima wa maziwa, akaifanya mpaka akastaafu, na mwandiko wake ukasifiwa. Hatukuwa na maisha mabaya. Lakini kila alipotaka kununua nguo, alinunua bila kuniuliza rangi, nami sikutoa maoni. Hiyo ilikuwa desturi ya nyumba yetu na watoto walidhani ni adabu.

Kisha ikafika harusi ya binti yetu, yule aliyekuwa mgongoni kwangu, ambaye alichelewa kuolewa kwa sababu alisoma. Asubuhi ile nilikuwa napiga pasi suti ya baba yake. Sasa alikuwa na yake mwenyewe, ya kijivu, maana kijivu kilikuwa hakiui mtu tena. Yeye alikaa kwenye kiti karibu na mlango, na fulana na suruali ya zamani, ananitazama. Nilikuwa nimefika begani kwenye koti. Akasema, "Ile suti haikuwa rangi."

Nikadhani anasema ya kijivu. Nikamwuliza, "Ina nini?"

"Ile ya landhi. Haikuwa rangi, mama."

Akanieleza akiwa anatazama uani. Kazi ilikuwa imekwisha kabla hajafika. Mzungu wa ile ofisi alikuwa amempa mtu mwingine tangu Jumatatu, na mume wangu aliambiwa hivyo akiwa bado amesimama mlangoni, hata hiyo good morning hakuimaliza. Alipokuwa anatoka, karani Mhindi akamwita pembeni, akamshika mkono wa kushoto, akaugeuza ndani nje. Hakuwa anamcheka. Alikuwa ameona nyuzi za kahawia, na alikuwa ametoka ukoo wa mafundi. Akamwambia: "Nani nashona hii? Watu tatu nakuja hapa na suti moja, na kila mtu suti nakaa yake kabisa." Akasema kaka yake ana duka la kushona nguo barabara ya pili, anatafuta mkono wa namna hiyo, wa kumalizia mishono na kurekebisha. Akasema kuna chumba nyuma ya duka, cha kukaa huyo fundi na watu wake.

"Ukamwambia nini?"

"Nikasema fundi yuko. Nikasema nitamleta."

"Fundi."

"Nilisema fundi."

Nilisimamisha pasi kwa kisigino chake isije ikaunguza. Nikakumbuka ile alama nyeupe begani, imenyooka. Chaki. Kumbe alifika mpaka kwenye hilo duka, wakaikagua suti. Nilikuwa nimefuta chaki ya fundi kwa brashi yangu mwenyewe nikiita vumbi la ziwani.

"Kwa nini hukuniambia?"

Mume wangu hakuwa mtu mbaya na sitaki mtu anayesoma hapa amwone hivyo. "Nilitafuta miezi mitano," akasema. "Wewe hukutafuta, na ikakuja. Ningekaa chumba cha mke wangu, watu wakinijua kwa sindano yako. Nilisema, acha nizunguke kidogo, nizoee, halafu nimwambie. Nilipofika mlangoni ukaniangalia, nikasema ni rangi."

Watoto walikuwa nje wakifunga maua kwenye gari la kukodi na kugombana. Sitasema nilimsamehe hapo. Nilikasirika mpaka masikio yakawa yanavuma. Labda yule Mhindi angeniona nikija na tumbo langu na mtoto mgongoni, akacheka, akasema hapana, mwanamke sitaki. Labda nyapara angekuta njia ya kututoa hata huko. Lakini angekuwa amekataa yeye. Lile la kukataa halikuwa la mume wangu. Na miaka thelathini, kila nilipotazama debe, nilikuwa nimejihukumu mimi kwa kosa ambalo ndilo pekee lililofanya mtu aone kazi yangu.

Nikaanza tena kupiga pasi, kwa sababu harusi ilikuwa saa nne na bega lilikuwa halijanyooka. Nikamwuliza kitu kimoja tu, kama hicho chumba alikiona.

"Nilikiona," akasema. "Nilikaa hapo mpaka mchana. Kilikuwa na dirisha upande wa asubuhi. Nilipima kwa hatua kama kitanda chetu kingeingia."

Nikangoja.

"Kingeingia," akasema.